Meno Mawili ya Chini

Taya langu lilifunga siku ya Jumanne, saa ya chai, katikati ya andazi. Nilikuwa nimeketi katika ofisi ya walimu na rundo la madaftari ya darasa la sita mbele yangu. Nilikuwa nimeuma andazi mara moja tu, na nilipotaka kuuma mara ya pili mdomo ukakataa. Ulifunguka upana wa kidole kimoja, ukasimama hapo. Nilijaribu kuulazimisha, maumivu yakanichoma mbele ya sikio la kulia na kuteremka hadi shingoni. Nililiweka andazi juu ya madaftari nikajifanya nimeshiba.

Si kwamba sikuwa nimeonywa. Kwa miezi kadhaa taya lilikuwa likilia. Nikipiga mwayo linasema ta!, na watoto wa mstari wa mbele wanaangaliana. Mwalimu mwenzangu alinitania kwamba siku moja kichwa changu kitafunguka chote kama sanduku. Asubuhi nilikuwa nikiamka na kichwa kizito na mashavu yanauma kama ya mtu aliyetafuna muwa kutwa. Mama, ambaye chumba chake kilipakana na changu, alisema nasaga wimbi usingizini.

Mimi ni mtu wa hasira, na sisemi hivyo kwa kujisifu. Lakini mwalimu wa kike, kijana, katika shule ambayo mwalimu mkuu ni mzee wa kanisa lenu na nusu ya wazazi wanakujua tangu ulipokuwa ukibebwa mgongoni, hana pa kuiweka hasira yake. Akiambiwa afundishe watoto sabini kwa vitabu kumi, anaitika. Akiambiwa aimbishe kwaya siku ambayo hakupangwa, anaitika. Mimi nilikuwa nikiitika na kuiweka hasira kwenye meno. Wakati huo sikujua kwamba meno nayo huchoka.

Ilikuwa mapema miaka ya tisini. Niliishi na mama karibu na Merigi, sisi wawili tu, kwenye shamba letu la chai ambalo baba alikuwa ametuachia alipofariki. Jioni ile nilimkuta uani akirudi kutoka kwenye mizani, kikapu kitupu mgongoni. Nikamwambia, kupitia katikati ya meno, kwamba mdomo umefunga.

Alinishika kidevu kwa vidole vyake vilivyoingia weusi wa majani ya chai, akaushusha mdomo wangu wa chini kwa dole gumba, akatazama meno.

"Yapo yote," alisema, kwa sauti ya mtu aliyekuta lango limeachwa wazi na ng'ombe wameingia kwenye mahindi.

Hapo lazima nieleze. Mama yangu hana meno mawili ya mbele ya chini, na watu wa rika lake kwetu wengi hawana. Waling'olewa wakiwa watoto, kwa chuma, na aliyelia alichekwa. Wengine watakwambia ulikuwa urembo. Mama alifundishwa sababu nyingine: kuna ugonjwa unaofunga kinywa, na ukimpata mtu, wenzake watamnywesha maziwa kupitia pengo hilo asife njaa. Ugonjwa wenyewe ni pepopunda, ambayo watu wetu hospitalini huiita tetanasi. Mimi nilipofikisha umri wa kung'olewa, baba alikuwa ameshabatizwa na kuwa mkali kuliko mchungaji aliyembatiza. Alisema meno ya mtoto wake hayataguswa. Mama alitii shingo upande, na nadhani tangu siku ile alikuwa akilitazama taya langu kwa wasiwasi. Sasa lilikuwa limefunga kweli.

Usiku ule aliniletea uji mwepesi, nikaunywa kidogokidogo. Akasema maneno ambayo nayakumbuka kama yalivyo, ingawa tulizungumza Kipsigis nami nayaandika kwa Kiswahili.

"Leo unapitisha kidole. Kesho hutapitisha hata unyasi. Dada yangu kule Ndanai anamjua mzee ambaye bado ana kile chuma."

Nilicheka, na kucheka kukauma.

"Usicheke. Nenda hospitali, sikukatazi. Lakini shule zikifungwa mwezi wa nane kabla sijakuona ukila ugali kama mtu, nitamwita dada yangu aje na yule mzee. Mawili tu. Utaishi."

Nilikuwa na miaka ishirini na sita na cheti cha ualimu. Mtu anaweza kusema ningekataa tu. Lakini wiki moja ya uji humwondoa mtu ujeuri. Sketi zangu zilianza kuzunguka kiunoni. Darasani nilifundisha kwa kuandika ubaoni, na watoto, kwa huruma yao, walinyamaza kuliko walivyowahi kunyamaza. Kila asubuhi, kabla sijanawa uso, mama alikuwa mlangoni na bakuli, na kila asubuhi macho yake yalienda kwenye meno yangu mawili ya chini. Nilianza kuyagusa kwa ulimi. Niliogopa kwamba hospitali wangeshindwa, na kwamba nikizidi kudhoofika ningesema ndiyo.

Daktari wa meno katika hospitali ya wilaya alikuwa mtu mzima wa kutoka upande wa ziwa, mnene, mwenye mikono midogo isiyolingana na mwili. Fundi wake alikuwa amehamishwa na hakuletwa mwingine, kwa hiyo alijitengenezea mwenyewe meno ya bandia katika chumba cha nyuma. Alinipapasa mashavu, akanibonyeza mbele ya masikio, akaniambia nifungue mdomo, na taya likaenda upande wa kulia kama gari lililopata pancha.

"Mwalimu, hii si tetanasi," alisema. "Tetanasi ingekukaza shingo na tumbo, na hungekuja hapa na miguu yako. Hii ni joint, kiungo cha taya."

Alinieleza kwamba kati ya taya na fuvu kuna kigozi laini kinachoteleza tunapofungua mdomo. Changu kilikuwa kimesukumwa mbele kikanasa, na misuli iliyokizunguka ilikuwa imechoka kwa kazi isiyo na malipo.

"Unauma meno. Usiku na mchana. Meno ya juu na ya chini yanatakiwa kukutana wakati wa kula tu. Sasa hivi yako wapi?"

Yalikuwa yamekutana. Nilikuwa nimeyabana nikimsikiliza, na nilikuwa nikidhani nimetulia.

Dawa yake ilikuwa kitu alichokiita splinti: plastiki ngumu inayofunika meno ya juu, mtu analala nayo ili akibana, abane plastiki, na misuli ipate kulegea. Ili kuitengeneza alihitaji kupima meno yangu, na ili kuyapima alihitaji mdomo uliofunguka. Tulitazamana. Mwishowe aliniwekea taulo za moto mashavuni kwa muda mrefu, akatafuta kisahani cha kupimia meno ya watoto, akakijaza unga wa rangi ya waridi uliokorogwa ukawa kama ugali mwepesi, akakipitisha upandeupande. Nilitokwa na mate hadi kifuani. Aliniwekea mkono begani akawa ananihesabia polepole, kama anayemtuliza ng'ombe anayekamuliwa kwa mara ya kwanza.

Wiki iliyofuata splinti ilikuwa tayari, angavu, imepinda kama mkono wa ndoo. Aliniambia niume karatasi ya buluu, akatazama mahali palipopata rangi, akapasugua kwa mashine yake, akaniambia niume tena, mara nyingi, mpaka alama za buluu zikalingana pande zote. Akanipa masharti. Kitambaa cha moto mashavuni asubuhi na jioni. Chakula laini. Mazoezi madogo ya kufungua mdomo bila kulazimisha. Midomo ifungwe lakini meno yaachane. Na splinti ioshwe kwa maji baridi na sabuni, basi.

Sharti hilo la mwisho sikumwambia mama. Nikiwa mkweli, sikumwambia hata moja. Nilikuwa nimemkasirikia kwa ajili ya chuma cha Ndanai, na nilimwonyesha splinti kwa mbali tu, nikaiweka kwenye kikombe dirishani mwa chumba changu.

Baada ya siku kumi na mbili nilipitisha kidole kimoja na nusu. Ninajua ni kidogo. Nilitoka nje nikayasimulia majani ya chai.

Siku ya kumi na tatu ilikuwa Jumamosi, nikaenda mazoezi ya kwaya, kusimama tu na kuongoza kwa mikono. Niliporudi, kikombe hakikuwa dirishani. Nilimkuta mama jikoni amepanga vibuyu vyake vya maziwa, vimeoshwa, vimeinamishwa vikauke, na mwishoni mwa mstari, juu ya kitambaa safi, ilikuwepo splinti yangu.

Kwetu maziwa hayaingii ndani ya kibuyu hivi hivi. Kibuyu huoshwa, husuguliwa ndani kwa brashi ya ufito wa mtende, kikakauka, kisha husuguliwa tena kwa kaa la mti wa senetwet mpaka unga wake mweusi ushike kila mahali, ndipo maziwa yagande vizuri bila kuharibika. Mama alikuwa hodari wa kazi hiyo. Wanawake walikuja kuonja maziwa yake wakaondoka kimya. Alikuwa ameona kitu kinacholala mdomoni mwa mgonjwa kikioshwa kwa maji ya bomba, akaona aibu. Akakimwagia maji yaliyochemka. Akakisugua. Akakipaka kaa la senetwet, ndani na nje.

Plastiki ilikuwa imejikunja. Upande mmoja uliinuka, mwingine ukabanana, na weusi ulikuwa umeingia katika kila mkwaruzo. Nilijaribu kuivaa, haikukaa hata kwenye jino moja.

"Nimeisafisha vizuri," alisema mama. Alikuwa anatabasamu.

Hasira hasara, nilikuwa nikiwaandikia watoto ubaoni. Siku hiyo nilisema yote niliyokuwa nimeyauma kwa mwaka mzima, na mengi hayakuwa yake. Yalikuwa ya mwalimu mkuu, ya kwaya, ya watoto sabini. Lakini yeye ndiye aliyekuwa mbele yangu. Nikamalizia hivi: "Mimi si kibuyu chako! Ulishikwa ukang'olewa kama mnyama, sasa unataka kila mtu awe na pengo kama wewe."

Alifunika mdomo kwa kiganja. Sijawahi kumwona akifunika pengo lake, kabla ya siku hiyo wala baadaye. Maji yakimwagika hayazoleki. Nilisimama pale na splinti mkononi, nikatamani taya lifunge kabisa.

Jumatatu alfajiri hakuwapo. Ilikuwa siku ya kuchuma, lakini kikapu chake kilining'inia ukutani, na viatu vyake vya kanisani havikuwapo. Splinti pia haikuwapo. Nilifikiria jambo moja tu: ameenda Ndanai. Nilifundisha siku nzima nikitazama dirishani, nikingoja kuwaona wanawake wawili na mzee mmoja wakipanda njia ya shule.

Alirudi saa kumi na moja, peke yake, amechoka, na akaniambia daktari ananitaka Ijumaa.

Yaliyotokea nilisimuliwa na daktari Ijumaa hiyo, huku akisugua splinti mpya. Alikuwa ameitengeneza juu ya plasta ya meno yangu aliyokuwa ameihifadhi kabatini, kwa hiyo sikulazimika kupimwa tena. Alisema mama alipanga foleni tangu asubuhi, zamu yake ilipofika akafungua kitambaa juu ya meza na kusema kwa Kiswahili chake cha sokoni: "Taktari, mimi ndio nimeharipu hii kitu. Mtoto hana makosa. Usimfukuze."

"Nikamwambia, mama, hakuna kuharibu, hii kitu haitaki tu maji moto. Akaniuliza kama hiyo plastiki inashinda ugonjwa ya kufunga mdomo. Nikamwambia huo ugonjwa ni mwingine, huo siku hizi tunazuia na sindano, na pengo halimponyeshi mtu. Akaniangalia sana. Akasema, 'Na wewe, hayo meno ya chini si yako.'"

Daktari alicheka mpaka akaweka mashine chini. Halafu, mbele yangu kama alivyofanya mbele ya mama, akatia kidole mdomoni, akatoa meno sita ya chini yaliyoshikana, akayaweka kiganjani. Uso wake ukawa wa mzee mwingine, mpole zaidi.

"Kwetu ni sita," alisema kwa ulimi uliolegea. "Mama yako akahesabu. Akaniambia, 'Sita! Nyinyi mlitaka kunyweshwa na ndoo?'"

Mimi nilicheka, na kwa mara ya kwanza kucheka hakukuniuma sana. Daktari akayarudisha meno yake, akanifuta alama za buluu.

"Tulikaa sana. Watu wa foleni walininung'unikia. Kuna mengine aliniambia, mwalimu, lakini hayo si yangu. Atakuambia mwenyewe akitaka. Wewe mwombe msamaha."

Nilimwomba jioni ile, tukiwa tunachambua mboga. Nilisema nilikosa. Mama alisema, "Mdomo ukifungwa siku nyingi, ukifunguka hutoa mabaya," akanisogezea mboga zaidi za kuchambua. Hiyo ndiyo ilikuwa suluhu yetu. Nilimweleza masharti yote ya daktari, na tangu siku hiyo yeye ndiye aliyenichemshia maji ya kitambaa. Splinti aliiosha kwa maji baridi, akiishika kwa ncha za vidole, kama yai. Nikibana meno mezani alinigonga goti. Nilijishangaa jinsi nilivyogongwa mara nyingi.

Taya lilifunguka polepole, siku nyingine likirudi nyuma. Vidole viwili. Kisha viwili na kitu. Maumivu ya kichwa cha asubuhi yaliondoka bila kuaga. Na shuleni nilimwambia mwalimu mkuu, kwa adabu zote, kwamba kwaya ni Jumamosi tu. Alinitazama kama nimemtukana, lakini hakuna mbingu iliyoanguka.

Shule zilipofungwa mwezi wa nane, mama mkubwa alifika kutoka Ndanai. Mama alikuwa amemtumia ujumbe tangu zile siku za uji, kabla hajaenda kwa daktari, na kwa kuwa hakuna aliyemwambia asije, alikuja. Mzee mwenye chuma alikuwa anangoja salamu, alisema. Ni mwendo wa siku moja tu, mama amtume mtu akamwite. Mvua ilikuwa inanyesha, tukakaa watatu jikoni. Mama alisonga ugali. Alikuwa amechinja jogoo. Akaniwekea sahani mbele, akakaa kwenye kigoda kunitazama, na mama mkubwa naye akanitazama.

Nilimega tonge, nikafungua mdomo, nikala. La pili nikalitia mchuzi. Nyama niliichambua ndogondogo kama nilivyoagizwa, nikatafuna kwa pande zote mbili, polepole. Mvua ilikuwa nyingi juu ya mabati.

"Anakula," alisema mama mkubwa mwishowe. "Lakini kesho? Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Meno mawili si kitu."

"Hakuna atakayegusa meno yake," alisema mama.

"Wewe ndiwe uliyeniita!"

"Mimi ndimi niliyekuita." Mama alikuwa anatazama moto. "Yule wa kwanza hakuwa na meno ya kung'oa."

Mama mkubwa akainamisha kichwa. Niliuliza ni nani huyo wa kwanza. Siku zote niliambiwa kwamba mimi ndiye mtoto wao wa pekee.

"Kabla yako nilizaa msichana," alisema mama. "Dada yangu huyu alikuwapo. Alinyonya siku sita, ananyonya kwa nguvu. Siku ya saba nilimpa ziwa, kinywa kilikuwa kimefunga. Nilijikamulia kidoleni, nikampitishia kwenye ufizi. Maziwa yalirudi yote, yakapita shavuni. Nikakamua tena. Nilikamua mchana kutwa."

Sauti yake haikubadilika. Alichukua ukuni akausogeza ndani.

"Daktari yule nilimwambia jinsi alivyokuwa, jinsi alivyokaza mgongo. Akasema hiyo ndiyo ilikuwa tetanasi yenyewe, iliingilia kitovuni. Akasema haikuwa maziwa." Alinitazama. "Miaka yote nilijua ni maziwa yangu yaliyokuwa machafu."

Nililia, na sikujificha. Mama mkubwa alilia pia, kwa sauti, kama wanavyolia wazee. Mama hakulia. Aliitazama sahani yangu, ambayo tonge lilikuwa limebaki ukingoni mwake, na sura yake ikaanza kuingiwa na wasiwasi ule ule wa kila asubuhi.

"Umeshiba?" aliuliza.

Nilikuwa nimeshiba kabisa, na taya lilikuwa limeanza kuuma. Nikamwambia bado. Aliinuka haraka, akanipakulia ugali mwingine na paja zima la jogoo, akarudi kigodani. Nilikula vyote, tonge baada ya tonge, nikifungua mdomo kadiri nilivyoweza ili aone chakula kikiingia.